Maji ya Karavani Tuliyoikausha

Usiniulize kama nilikuwa nimelewa. Pombe mimi sinywi, na siku ile hata chai nilikuwa nimeipata asubuhi tu. Ninachokueleza nilikiona kwa macho yangu haya, jua likiwa bado lipo, na mwenzangu niliyekuwa naye yuko hapa hapa Johannesburg mpaka leo. Kama yuko hai kweli, hilo utaniambia wewe nikimaliza.

Ilikuwa majira ya baridi ya mwaka 2016. Nilikuwa nafanya kazi katika uwanja wa kuegesha karavani, kusini huko, ukishaipita Rosettenville. Nazungumzia yale magari ya watu wa kutembea, yenye kitanda, jiko na bafu humo humo ndani. Wenyewe wakimaliza likizo wanayaleta uwanjani, na kabla baridi haijakaza sisi tunayakausha maji. Usifikiri ni kazi ya mchezo. Baridi ya mwezi wa saba hapa inagandisha maji ndani ya bomba, barafu inavimba, bomba linapasuka, na lawama zote zako. Kwa hiyo tunamwaga tangi la chini, tunamwaga lile la maji ya moto, tunafungua koki zote, kisha tunapuliza upepo kwa kompresa mpaka koki zikohoe hewa tupu. Mwisho tunamimina dawa ya pinki ya kuzuia barafu kwenye tundu la sinki, tunatoa betri, na koki tunaziacha wazi hivyo hivyo mpaka joto lirudi.

Mwenzangu alikuwa Selemani, Mtanzania wa Tanga, mtu wa maneno mengi na kicheko kikubwa. Mimi ni wa Bukavu. Kwetu mtu akikupa kinywaji, anaonja yeye kwanza mbele yako, ndipo anakukabidhi. Ndiyo heshima yenyewe: anakuonyesha kwamba hajatia kitu. Selemani aliposikia jambo hilo alipata mchezo wa maisha. Kila akinimiminia chai anapiga funda moja, anashika koo, anatoa ulimi nje na kujiangusha vumbini. "Haya Mkongo, nimeshakufa, sasa kunywa!" Nilikuwa nacheka kila mara, niamini, kama vile sijawahi kumwona akifanya.

Sasa, siku hiyo ililetwa karavani kuukuu ya rangi ya maziwa, imevutwa na gari la kukokota. Mzee Mreno mwenye uwanja alitupa ufunguo, akatuambia tuikaushe kabla ya kufunga kazi maana usiku ule baridi ingekuwa kali. Tuliikausha kama nilivyokueleza. Betri niliitoa mimi kwa mikono yangu. Selemani alipuliza upepo, mimi nikawa ndani nikisikiliza koki. Zilikohoa, zikanyamaza. Dawa nikamimina. Tukafunga mlango, ufunguo nikautia mfukoni.

Tulikuwa tunakunja mpira wa kompresa, jua linashuka nyuma ya vile vilima vya njano vya mchanga wa machimbo, tukasikia pampu ya maji inanguruma mle ndani. Pampu gani, na betri iko miguuni pangu?

Mlango ukafunguka. Akatoka mwanamke mtu mzima, sweta la kijivu, kitambaa kichwani, uso wa upole. Akasema, "Karibuni ndani, wanangu. Baridi hii itawaua."

Kwa Kiswahili! Na wewe ungekuwa ugenini, miezi mingi unabishana na watu kwa Kiingereza cha kuokoteza, mama mmoja anakuita mwanangu kwa lugha yako, ungesimama kuuliza ametoka wapi? Selemani alishaingia. Mimi nikamfuata, nikijiambia labda ni mgeni wa mzee, labda ana ufunguo wake. Lakini shaka haikuniacha. Kwa sababu hapa Joburg mtu akisema maneno mawili tu unamjua: huyu wa Lubumbashi, huyu Bujumbura, huyu Mombasa. Kiswahili cha mama yule hakikuwa na kwao. Kilikuwa safi, na hakikutoka mahali popote.

Alichukua vikombe viwili vya bati, akavipeleka chini ya koki ya sinki. Koki ile niliiacha wazi, na ilikuwa bado wazi, haitoi tone. Alipoweka kikombe, maji yakaja. Alipokitoa, yakakoma. Hakugusa chochote.

"Kunyweni," akasema, "mpumzike."

Nikakishika kile kikombe. Kilikuwa cha baridi mpaka vidole vikauma. Niliogopa, sikufichi. Nikasema kwa adabu, "Mama, samahani. Kwetu mwenyeji anaonjaka kwanza."

Akatabasamu. "Kwetu mgeni ndiye anayeonja."

"Kwenu wapi, mama?"

Akakisukuma kikombe taratibu kuelekea mdomoni mwangu. Selemani aliona haya kwa niaba yangu. "Eish, wewe Mkongo nawe! Unamvunjia heshima mama wa watu. Lete hapa!" Akanywa chake chote. Kisha akaninyang'anya changu, akakinywa pia, ili mama asijisikie vibaya. Hakushika koo. Hakutoa ulimi. Akaweka vikombe mezani polepole, akasema, "Asante, mama," na sauti yake ilikuwa imepoa.

Nilimvuta mkono tukatoka. Nilipogeuka mlango ulikuwa umefungwa, na ufunguo bado uko mfukoni mwangu. Kesho yake niliingia na mzee. Ndani hamna mtu. Dawa ya pinki imetulia kwenye tundu la sinki, haijachanganyika na tone la maji. Mzee akasema hakuna mgeni aliyekuja, tena akanitazama kana kwamba nina homa.

Selemani je? Alianza kuja kazini na shati jepesi, sisi wengine tukitetemeka ndani ya makoti. Chai akaacha. Utani akaacha. Mkewe Mwanaidi, ambaye alikuwa anaishi naye Bertrams pamoja na mtoto wao, alinipigia simu analia. "Shemeji, njoo umwone ndugu yako. Amekuwa barafu. Nikimgusa usiku nashtuka. Anaamka anafungua koki zote za nyumba, anakaa anazitazama." Hospitali walimpima, hawakuona kitu. Shehe alimsomea. Mchungaji wangu naye alikuja, na ingawa Selemani si Mkristo alikaa kimya akaombewa kama mtoto mtiifu. Hapo ndipo nilipoumia zaidi, kwa maana Selemani ninayemjua angetia mzaha hata kwenye dua.

Joto liliporudi, gari la kukokota lilikuja kuichukua ile karavani. Mwenyewe nani, sijui mpaka leo. Nilidhani itaondoka na kilichomshika mwenzangu. Haikuwa hivyo. Mwanaidi alivumilia mpaka akashindwa, akamchukua mtoto wakarudi Tanga. Mimi niliacha kazi ile, sasa nalinda jengo Doornfontein.

Baridi iliyopita nilikwenda kumsalimia Selemani kwake Bertrams. Nilibisha hodi, akafungua. "Karibu ndani. Baridi hii itakuua." Nikakaa. Dirisha lilikuwa wazi, koki ya sinki iko wazi, haitoi kitu. Akaenda na kikombe, akarudi nacho kimejaa, akaniwekea mbele.

"Kunywa," akasema, "upumzike."

Nikajilazimisha kucheka. "Sele, ndugu yangu. Onja kwanza." Nilikuwa namsihi, unanielewa? Nilitaka ashike koo. Nilitaka ajitupe pale sakafuni aniite Mkongo.

Alinitazama kwa upole. "Kwetu mgeni ndiye anayeonja."

Wala hakikuwa Kiswahili cha Tanga. Kilikuwa safi, hakina kwao.

Sikunywa. Nilitoka nikalia ngazini, mtu mzima na sare yangu ya ulinzi. Kikombe changu kimo tumboni mwake, na alikinywa kwa ajili ya adabu tu.

Basi nakuomba wewe unayenisikia: mtu akikupa maji, mwambie aonje kwanza, hata wakikucheka, hata akiwa mama mwenye uso wa huruma. Mimi bado naenda kumtazama, siwezi kumwacha peke yake mle. Kila nikienda ananiwekea kikombe, na kila mara nakitazama kwa muda mrefu zaidi, kwa sababu nimemkumbuka rafiki yangu na nataka kumfuata aliko. Siku ukisikia nimekunywa, usije kunisalimia.