Muhuri Kwenye Programu ya Maji

Niliacha shule darasa la saba nikaanza kuzunguka. Nimekuwa utingo wa lori, nimechimba vito, nimepika chapati Taveta. Nilikaa mahali mpaka nikaelewa kazi yake inavyokwenda, kisha nikaondoka. Kazi moja tu ndiyo imenishika: naendesha shirika dogo hapa Voi linalowatunza watu wanaoandika programu ya zamu za maji, ingawa mimi mwenyewe siwezi kuandika hata mstari mmoja wa programu hiyo.

Programu ni ya bure na ni huria, yaani maandishi yake yako wazi mtandaoni, na yeyote akiona kosa anaweza kuleta rekebisho. Kamati za vioski vya maji huitumia kupanga nani achote siku gani. Wajitolea wengi hatujawahi kuonana nao uso kwa uso. Anayepokea marekebisho, kuyapima na kuyaingiza ni fundi wa matairi wa Maungu, aliyejifunza kompyuta akisubiri malori yapate pancha. Mimi natafuta intaneti, chai na mahali pa kukutania, na watu wakigombana nawapatanisha.

Tulipokwenda kusajili shirika tuliambiwa lazima tuwe na mwenyekiti. Tukamchagua karani mstaafu, mzee wa kanisa, mtu anayeheshimika. Hatukumwambia kwamba cheo hicho hakikuwa na kazi. Wiki iliyofuata alifika na muhuri wa mpira na kidau cha wino, akatangaza kwamba hakuna badiliko litakaloingia kwenye programu kabla halijachapishwa kwenye karatasi na kupigwa muhuri.

Nikakubali, na hapo ndipo nilipokosea. Nimelelewa kusimama mwenyekiti anapoingia. Basi kila Jumatatu nilichapisha marekebisho, naye akayasoma mstari kwa mstari, miwani puani, bila kuelewa lolote, kisha akagonga muhuri. Alipokwenda mlimani Mghange kuvuna viazi, karatasi zililala mezani siku tisa. Mjitolea mmoja wa ng'ambo akauliza mbona rekebisho lake haliingii. Katibu wetu akamjibu kwa adabu kwamba linasubiri wino.

Fundi akanipigia simu.

"Boss, huo muhuri ukikaa, mimi natoka."

"Mzee ataumia."

"Na mimi je? Naweka spana chini, nanawa mikono, nafungua simu, nakuta watu wananiuliza kama sisi ni ofisi ya chifu."

"Nipe wiki moja."

"Nakupa mpaka Ijumaa. Na usinijibu kwa barua yenye muhuri."

Hakuwa akitania. Hakuna mwingine aliyeijua programu yote. Akitoka yeye, ingekufa. Na kumnyang'anya mzee muhuri mbele ya watu kungemvunja.

Jumatano nikamwomba mzee twende Rukanga, akaone programu ikitumika. Kwenye kioski tulimkuta mama anayegawa maji, simu mkono mmoja, daftari mkono mwingine.

"Mama, programu unayo. Daftari ni la nini?" mzee akauliza.

"Daftari ndilo lenye ukweli, baba. Simu ni ya kuwaonyesha wageni."

Mzee akaomba vyote viwili. Akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akaanza kulinganisha siku kwa siku, kidole kikishuka kwenye ukurasa. Kwa saa mbili hivi hakuinua kichwa. Mwishowe akauliza, "Nyumba hizi zimechota siku ambayo si zamu yao. Wanaiba?"

"Hao wana matanga. Hapa kwetu nyumba yenye msiba huchota bila zamu mpaka wazike. Nani atawaambia waombolezaji wangoje Alhamisi?"

"Na programu inasemaje?"

"Inasema nimekosea. Nimeshaizoea."

Kwa muda wote tuliokaa na programu hiyo, hakuna aliyewahi kuomba kuona daftari.

Mzee alinakili kila tofauti, kisha tukarudi mpaka Maungu. Tulisimama kwa fundi, aliyekuwa ameinama kwenye gurudumu la lori. Mzee akashuka, akaenda moja kwa moja.

"Kijana, programu yako haijui msiba."

Nilifumba macho.

"Haijui nini?" fundi akauliza.

Mzee akamfungulia karatasi. Wakakaa kwenye matairi makuukuu, vichwa vimekaribiana. Dereva wa lori akapiga honi. Hakuna aliyegeuka.

"Mzee, hili si ungetuambia zamani," fundi akasema.

"Zamani mlinipa cheo. Kazi hamkunipa."

Fundi akanitazama, nami nikatazama chini.

"Basi kazi ni hii," fundi akamwambia. "Zunguka vioski, linganisha madaftari, tuandikie kila tofauti. Sisi hatuna macho kama hayo. Lakini muhuri, mzee wangu, unatuchelewesha."

Mzee akafikiri, akipangusa miwani kwa shati.

"Barua zangu nitazigonga," akasema. "Maandishi yenu yapitisheni wenyewe. Hata sikuwa nayaelewa."

Fundi akacheka mpaka akajishika mbavu, mzee naye akafuata.

"Ijumaa naanza na hili la matanga," fundi akaniambia, akiinuka. "Sasa boss, nishikie hii jeki, dereva ameshakasirika."