Kompyuta Ndani ya Kompyuta ya Mama Mdogo

Harufu ya plastiki iliyopata moto hunirudisha mtaa wa Kanyenye, kwenye stesheneri ya mama mdogo Zaituni, ambako mashine ya leminesheni ilifuka mchana kutwa. Nilikuwa darasa la sita, na likizo zangu ziliishia pale, mbele ya kompyuta moja aliyokuwa nayo.

Binti yake, dada Salma, ndiye aliyeniwekea ile programu kabla hajarudi chuoni. Ilifungua dirisha, na ndani ya dirisha kulikuwa na kompyuta nyingine nzima: nje Windows, ndani Linux. "Ya ndani ivunje utakavyo," aliniambia. "Ya mama haitadhurika." Nikaivunja kweli. Nilifuta mafaili yasiyopaswa kufutwa, ikagoma kuwaka, nikaiweka upya. Sikuwahi kuwa na mchezo mtamu kama ule.

Mteja akija, nilipisha kiti. Lakini Linux yangu sikuizima, niliificha tu chini ya skrini, ikiendelea kufanya kazi. Namkumbuka baba mmoja kutoka kijiji cha Ntalikwa aliyeegemeza baiskeli mlangoni, akisubiri picha za pasipoti za mwanawe. Kompyuta ilijikokota, picha haifunguki.

"Bado, mama?"

"Vumilia, baba yangu. Kompyuta imezeeka."

Akavumilia, kisha akaaga kwa upole, akavuka barabara kwenda duka la pili. Wengi walifanya hivyo baada yake. Mama mdogo alinigeukia tu kila mara: "Haya, kaa." Kabla sijaingia sekondari, stesheneri ilishafungwa.

Nilikuja kuelewa chuoni, siku mwalimu alipotueleza kwamba kompyuta ya ndani hula kumbukumbu ya ile iliyoibeba. Nikakumbuka nilivyoigawia Linux yangu zaidi ya nusu ya kumbukumbu, ili iende mbio. Mistari iliyobaki ya somo lile sikuiandika.

Idi iliyopita nilimweleza mama mdogo yote, yeye akichambua mchele. Hakuinua uso.

"Nilijua, mwanangu. Ukiifunga ile yako, kompyuta ilikuwa inapona."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungeacha."

Kweli, ningeacha, na kazi ya kompyuta ninayoifanya leo nisingeijua. Nilitamani anigombeze, angalau kidogo. Badala yake akanituma maji ya kuoshea ule mchele, nami nikaondoka mbio, nikishukuru kutumwa.