Dagaa wa Bwanashamba

Jumamosi, mwezi wa sita ukielekea mwisho. Asubuhi ukungu ulikaa juu ya mahindi yaliyokauka mpaka karibu saa nne, na mlima hatukuuona kabisa. Mchana likatoka jua kidogo, lile lisilo na nguvu, la kukausha nguo upande mmoja.

Nimekaanga dagaa. Ndiyo habari ya leo, na najua si habari. Lakini mafuta yaliposhika moto nikawamwaga, harufu ikapanda mpaka darini, na mama yangu aliyekuwa mlangoni anachambua maharage akaziba pua kwa ncha ya kitenge, halafu akaanza kucheka.

"Bwanashamba angekuwepo," akasema, "sasa hivi ungekuwa unapika naye begani."

Wanangu wakauliza Bwanashamba ni nani. Niliwaeleza vibaya, kwa haraka, huku nageuza dagaa wasiungue. Sasa wamekwenda kuteka maji, acha nijaribu tena hapa. Mimi niliishia darasa la saba, sijui kupanga maneno sana, na kuna mambo dada yangu Paskalina anayakumbuka tofauti. Tunapotofautiana nitasema.

Bwanashamba alikuwa paka wetu nyumbani, kijijini Masieda. Baba ndiye aliyempa jina hilo, kwa sababu kila asubuhi alipita juu ya magunia ya mahindi, moja baada ya jingine, mkia umesimama, ananusa kila kona kama ofisa wa kilimo aliyetumwa na wilaya. Tofauti, baba alisema, huyu wetu alikuwa anafika kweli. Alikuwa wa rangi ya majivu, sikio moja limechanika. Alikula panya, na jioni mama alimmiminia maziwa kidogo kwenye kifuniko cha sufuria. Zaidi ya hapo hakudai kitu.

Samaki waliletwa na mjomba, kaka yake mama, aliyekuwa anaishi Basotu karibu na ziwa. Likizo moja aliniuliza kama nimewahi kumwona samaki, nikamjibu nimemwona kwenye kitabu. Huku kwetu juu, wakati ule, wengi hatukumhesabu samaki kuwa chakula. Mama alimwita nyoka wa majini, na akilitamka neno hilo alifuta mdomo. Mjomba alicheka sana. Aliporudi kutusaidia mavuno, alikuja amekumbatia dumu lililokatwa juu, maji yamemlowesha shati lote.

"Shikamoo mjomba," nikasema.

"Chungulia," akanijibu. Nisimnyime haki yake, marahaba ilifuata baadaye.

Walikuwa perege watatu, kila mmoja kama kidole changu. Paskalina anashikilia kwamba walikuwa wanne, mmoja akafia njiani. Inawezekana. Mimi naandika watatu kwa sababu majina niliyowapa yalikuwa matatu: Jumatatu, Jumanne na Jumatano.

Tuliwaweka kwenye karai la kuchanganyia udongo wa kukandika nyumba, na karai likawekwa chumba cha magunia, kwa kuwa ndicho kilichokuwa na joto, kimepakana na jiko. Yaani ofisini kwa Bwanashamba. Baba aliliona hilo mara moja, akasema mbele yetu sote:

"Wakae. Lakini paka haondoki hapa. Mahindi ndiyo yanatulisha mpaka mwakani. Wakishindwana, samaki watarudi kwa mjomba wenu."

Mimi nilisikia lile neno la mwisho tu.

Sasa, siku za mwanzo haikutokea kitu. Bwanashamba alikuja, akaweka mikono kwenye ukingo wa karai, akanywa maji. Akanywa tu! Jumatatu alipita chini ya ulimi wake, naye wala hakujali, akajifuta mdomo akaenda zake kukagua magunia. Nikifikiria leo, yule paka alizaliwa kwenye nyumba isiyojua samaki, na mama yake vilevile. Kwake wale walikuwa kitu kinachotembea ndani ya maji, basi.

Lakini mimi nilikuwa na kitabu cha shule, na ndani ya kitabu kulikuwa na picha ya paka amebeba samaki mdomoni. Na nilikuwa na Paskalina.

"Kula vizuri kwa macho," aliniambia nikiwa nimechuchumaa kwenye karai, "maana kesho Bwanashamba anafungua hoteli."

Nikakataa kwenda shule. Nilisema tumbo, ila nililisema nikiwa nimekaa mlangoni pa chumba cha magunia na fimbo mkononi, kwa hiyo sidhani kuna aliyeamini. Mama aliniangalia. Hakunigombeza. Alikaa akafikiri kama anavyofikiri mtu aliyekulia kwenye ng'ombe. Huku kwetu ukitaka kupitisha ng'ombe kando ya shamba la mtu, unawashibisha kwanza kwenye majani mazuri; wakifika shambani wanapita vichwa chini, hawana habari. Kwa hiyo mama akaamua: paka ashibishwe. Na ashibishwe kitu kile kile, ili akikiona kwenye karai awe amekinai.

Nakumbuka nilimwona mama kuwa mtu mwenye akili kuliko wote Masieda.

Siku ya mnada tulikwenda naye. Mama Zubeda, mfanyabiashara kutoka Dongobesh, alitandaza turubai lake mwisho kabisa wa mstari, na dagaa wakavu wamerundikwa juu yake kama kichuguu. Mama alisimama mbali kidogo, amebana pumzi, anaongea kama mtu aliye chini ya maji.

"Nipe kopo moja."

"Eh, Mama Paskalina! Leo na wewe umeanza dagaa?"

"Ni wa paka."

Wanawake waliokuwa wananunua chumvi wakageuka. Mmoja akasema, "Paka huyo bado hajapata mchumba?" Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Mama alilipa, akachukua kifuko kwa vidole viwili, akakinyoosha mbali na mwili wake njia nzima mpaka nyumbani.

Mama Zubeda, nisimsahau, alituita tukiwa tumeshageuka. "Mama Paskalina, huyo paka ameshawahi kula samaki?" Mama akasema hajawahi. "Basi mwache hivyo hivyo!" Lakini kulikuwa na kelele za mbuzi, na mama alidhani anataniwa tena.

Bwanashamba alinusa dagaa wa kwanza akarudi nyuma. Akanusa tena. Akalamba. Kisha akamaliza wote waliokuwa kwenye kifuniko, akalamba kifuniko kikazunguka sakafuni kama gurudumu, akanyanyua kichwa na kutuangalia kwa macho ambayo sikuwahi kuyaona kwake. Baada ya hapo akasimama, akaenda moja kwa moja kwenye karai, akaketi. Hakunywa maji.

Kesho yake niliporudi shule Jumanne hakuwepo. Sakafuni kulikuwa na maji, na juu ya gunia la karibu alikaa Bwanashamba, amelowa mkono mmoja.

"Basi wiki hii tutaruka Jumanne," akasema Paskalina. Kisha akaniona ninavyolia, akachukua fimbo yangu mwenyewe ili amchape paka kwa ajili yangu. Nataka hilo liandikwe, kwa sababu nimemsema sana.

Mama akaishika fimbo juu kwa juu.

"Mnampigia nini? Nani alimwonjesha?"

"Mama, amekula samaki wa mdogo wangu."

"Nimemwonjesha mimi. Mkitaka kupiga, mimi niko hapa."

Paskalina akaiachia fimbo. Baba, aliyekuwa nje anafunga jembe mpini, alikohoa tu. Nilijua anachofikiri: dumu, na mjomba, na safari ya kurudi Basotu. Mama naye alijua. Akatoka, akachukua tenga la kuku, akawamwaga kuku uani, akaja kulifunika juu ya karai, na juu ya tenga akabeba mwenyewe jiwe la kusagia, lile zito, akalitua. Kuku wakalala jikoni kipindi chote kile, chini ya vitanda vyetu wakati mwingine, na baba akavumilia.

Jumatatu na Jumatano walikaa ndani ya tenga mpaka mvua za masika, Bwanashamba amelala juu yao karibu kila siku kama mlinzi aliyeajiriwa na mwizi. Walipokua karai likawabana, tukawapeleka kwenye lambo wanakonywa ng'ombe. Siku hizi nasikia watoto wanavua perege pale. Sisemi ni wajukuu wa wale wangu. Huenda kuna mtu mwingine alipeleka.

Lakini kilichonifanya nikae niandike ni kingine. Mama aliendelea kununua dagaa kila mnada, mpaka paka yule alipozeeka akafa. Samaki walikuwa wameshaondoka, hapakuwa na cha kulinda. Mimi nikadhani anampenda sana paka. Leo, nimepita umri aliokuwa nao wakati ule, ndiyo najiuliza ilimgharimu nini kusimama kwenye mstari ule, amebana pumzi, anachekwa, kwa sababu ya hofu ya mtoto iliyotoka kwenye picha ya kitabu. Na baada ya kukosea hakumsukumia mtu mwingine kosa lile, hata paka.

Nilimuuliza mchana, huku naepua dagaa: "Mama, kwa nini hukuacha kununua?"

"Ningemwambiaje yule paka?" akasema. "Kwamba ilikuwa kwa muda?"

Labda nimeyakuza, sijui. Huenda kweli alikuwa anampenda paka tu.

Sasa ni usiku. Jioni tumekula ugali, mchicha na dagaa. Mama akala maharage yake na maziwa ya mgando. Alipomaliza alichukua dagaa wawili kwa ncha za vidole, uso ameugeuza, akawaweka kwenye kifuniko cha sufuria nje ya mlango. Sisi hatuna paka, lakini wa jirani huwa anapita.