Maji ya Ubani kwa Wageni wa Bi Dorothy

Nakiri mwenyewe kabla wengine hawajawasimulia. Mwaka wangu wa kwanza Houston nilimtunza mwalimu mstaafu, Bi Dorothy. Kila Jumapili alinifundisha kuendesha gari lake, na hata nilipogonga pipa la taka la jirani hakuninunia. Siku niliyopata leseni nikawa natafuta la kumfanyia, maana shukrani ya mdomo niliona haitoshi.

Akaalika wageni kwa chakula cha mchana. Kwetu Mombasa mgeni wa heshima hupewa maji ya mtungi uliofukizwa ubani. Sebuleni kulikuwa na gudulia la Kichina, la kijani kilichopauka, limejaa nyufa shingo hadi kitako. Nikajiambia chombo kilichochakaa hivi hakina wa kukililia. Nikalipeleka uani nikalifukiza, nikalijaza maji, nikayamimina kwenye glasi jikoni.

Wageni wakayasifu maji. Mimi, bingwa, nikawapa somo zima la ubani.

Kisha mzee mmoja, muuzaji wa vitu vya kale, akauliza liko wapi gudulia aliloitiwa kulithamini. Akaeleza kwamba mafundi wa mfalme wa China walilifinyanga kuiga vyombo vya wafalme wa kale zaidi, na zile nyufa zilitiwa makusudi, ziwe pambo.

"Liko jikoni," nikasema. "Maji mnayokunywa yametoka humo."

Hakuna aliyemeza. Bi Dorothy akaimaliza glasi yake taratibu, akaninyooshea.

"Niongeze, mwanangu," akasema, "kabla mzee huyu hajanitajia thamani yake."