Nilimtania babu kuhusu stenti yake, naye akaniamini

Wakuu, habari za mchana. Mlio na umri wa babu yangu, shikamooni.

Mnanijua kwa uzi wa mbuzi aliyeingia maabara ya shule. Leo hakuna mbuzi. Haya yametokea kweli, na ningependa sana yawe uongo.

Babu yangu alikuwa fundi mabomba katika hoteli za Watamu. Zamani alifanyiwa bypass: walichukua mshipa wa mguuni wakaupachika moyoni, damu ipite kando ya palipoziba. Mwaka huu hata mshipa huo wa kupachikwa ukaziba. Wakamtia stenti kule Mombasa, kijibomba cha waya kilichopakwa dawa, kuufungua tena.

Akarudi nyumbani, mtaani kwetu Kisumu Ndogo. Majirani wakawa wanamiminika kumtazama. Mimi nimefunga shule, hadhira nimeletewa mlangoni.

Kwetu babu na mjukuu ni watani. Bibi huniita mume wangu, kwa hivyo mimi na mzee tunagombea mke. Asiponitukana kutwa, najua anaumwa.

Basi asubuhi moja Bibi yuko jikoni, Babu anatafuta maji ya kumezea tembe alizopewa hospitali. Nikamtupia mbele ya wageni:

"We mzee, si wamekupaka dawa huko huko ndani? Bomba likishapakwa, unalipaka tena kila asubuhi?"

Wageni wakacheka, mmoja akapaliwa na mahamri. Babu naye akacheka. "Kijana kasoma huyu!"

Nikadhani yameisha.

Sasa jueni hili: makaratasi ya hospitali yote ni Kizungu, na anayemsomea ni mimi. Mzee akaona nimemwambia neno la kitaalamu. Tena la mabomba, fani yake!

Akaacha tembe. Bibi akimpa, anazifunga kwenye pindo la kikoi.

Alasiri moja akashika kifua, jasho linamtiririka. Tuktuk, kisha ambulensi, Mombasa tena. Damu ilikuwa imeganda ndani ya stenti. Wakamwahi, alhamdulillahi.

Daktari akatueleza. Dawa ya kwenye stenti inazuia nyama isiote ikaziba njia. Tembe zinazuia damu isigande. Kazi mbili tofauti.

Kisha akamgeukia Babu. "Nani alikwambia uache tembe?"

Babu akanitazama. Mimi natazama viatu vyangu.

"Nilisahau tu, daktari. Uzee huu."

Wakuu, afadhali angenizaba kofi.

Sasa yuko nyumbani, na Bibi anamsimamia kama mtoto wa chekechea. "Meza! Fungua mdomo nione! Inua ulimi!" Mbele ya wageni. Wanamcheka, naye anafungua mdomo tu.

Juzi Bibi akaniambia, "Mume wangu, wewe ndiye mwenye akili humu ndani. Nisaidie kumchunga huyu msahaulifu."

Nikasema sawa. Sawa!

Utani umenikauka. Jana Babu mwenyewe akaniuliza, "Mbona hunitukani? Umeniachia mke?" Nikajifanya naenda kuteka maji.

Funzo langu: mwenye stenti asiache tembe mpaka daktari wake aseme. Nanyi wenzangu wa mdomo mwepesi, tanieni upara, tanieni meno. Dawa ya mtu iacheni, hasa kama yeye anakuona msomi.

Bibi kaenda sokoni. Akirudi namwambia yote, mzee apumzike kuinua ulimi kwa kosa langu.

Mliolelewa na bibi wakali, nianzeje? Andikeni upesi, tuktuk imesimama nje.