Mzee wa Kanisa na Shamba la Bibi Elinipa

Jumamosi, 14 Juni 2025. Baridi, na ukungu ulishuka kutoka Mlima Meru hadi kwenye migomba yetu.

Mzee wa kanisa wa mtaa wetu hupiga hodi mara tatu, taratibu, kama daktari. Akiketi huvuta suruali magotini isikunjike, hupuliza chai hata ikiwa imepoa, na sauti yake hushuka kila anapotaja sadaka. Hupenda kuwatembelea wagonjwa na wajane. Siku hiyo alikuwa kwa jirani yangu, Bibi Elinipa, ambaye macho yake yamefifia, nami niliitwa niwe shahidi. Bibi alikuwa ameliahidi kanisa kahawa ya msimu mmoja. Mzee alitoa karatasi iliyokwisha kuandikwa, akamshika Bibi kidole gumba kwa upole, akakielekeza kwenye wino.

"Msomee kwanza, Mzee," alisema Penina, binti wa Bibi anayeishi naye.

"Mwanangu, sadaka haina masharti."

Niliichukua karatasi nikaisoma kwa sauti. Iliandikwa kwamba shamba lote na nyumba vitakuwa mali ya kanisa, Bibi akishafariki.

"Na mimi nikalale wapi, madhabahuni?" Penina aliuliza.

Bibi aliuvuta mkono wake. "Nilisema kahawa. Shamba ni la Penina."

Aibu niliiona mimi. Mzee alikunja karatasi, akaomba tufumbe macho, akasali.

Kesho yake asubuhi, wakati wa matangazo ibadani, alimshukuru Bibi Elinipa kwa kulitolea kanisa shamba lake, akamsimamisha, akaomba usharika wote umpigie makofi.