Utepe wa Jhano

Shangazi Maino Besra hakuwahi kushika kalamu. Kazi yake ni kushona sahani za majani ya msali, mti wa msituni kwetu wenye majani mapana. Anapanga majani sita, anayabana kwa vijiti vya mwanzi vyembamba kama sindano, na midomo yake haisemi kitu mpaka sahani iishe. Nimekaa naye tangu mkono wangu ulipovunjika kwenye tanuri la matofali. Baba na mama walibaki huko huko. Mimi niliishia darasa la tatu, ndiyo maana najua kuandika haya, ila msinicheke.

Mdogo wangu Jhano hakwenda tanurini. Yeye yuko shule ya bweni pale ng'ambo ya kijito, shule ya watoto wetu Wasantali. Analala huko, anakula huko, anasoma, na hakuna anayemdai hata punje. Kuna watu wa mjini waliokuwa wakileta mchele.

Mwezi wa Phagun, baada ya sikukuu ya maua, miti ya mahua ikikaribia kuangusha maua yake matamu tunayokula na kuuza, Mwalimu Hembrom alikuja uwanjani kwa mkuu wa kijiji. Alisimama tu, amekunja mikono.

"Wale wafadhili wa mjini wamesimamisha msaada mpaka mvua zianze," akasema. "Mchele nilionao hauvuki juma lijalo. Nitawarudisha watoto nyumbani."

Kila mtu alijua nyumbani maana yake nini. Nyapara wa tanuri huja na lori wakati huo huo, na mtoto aliye nyumbani hupanda kwenda kufyatua matofali. Nilimtazama shangazi. Vidole vyake vilikuwa vimesimama.

"Mimi natoa mti wangu," akasema. "Ule mkubwa wa mahua. Maua yatakayoanguka mwaka huu ni ya shule. Wayaokote, wayaanike, wabadilishe na mchele gulioni."

Bhado Kisku akacheka. Huyu ni mdogo wa marehemu mume wa shangazi, na kwetu shemeji na shemeji hutaniana mpaka kaburini. "Shemeji, umezeeka vibaya! Mjane una miti miwili, unatoa mmoja. Mwakani utanitoa na mimi?"

"Wewe nani atakupokea?" shangazi akamjibu. "Hata nguruwe watakurudisha."

Watu wakacheka, lakini hakuna mwingine aliyetoa mti. Walitawanyika mmoja mmoja.

Jioni ile shangazi akaenda shule, akamwomba Jhano utepe wake wa nywele, ule mwekundu wa sare. Akaufunga kwenye shina la mahua, ili watoto wajue mti upi ni wao. Hapo ndipo alipokosea, na mimi niliyekuwa nimeshika taa sikuona kosa.

Kwetu kitambaa chekundu shinani kina maana moja tu. Mti umewekewa nadhiri kwa mzimu. Ukiokota chini yake, homa inakulaza.

Alfajiri Bhado alipita na kapu akielekea kwenye miti yake. Alipouona ule utepe alitupa kapu, akakimbia hadi kwa kuhani wa kijiji. Jua lilipochomoza, habari ilikuwa imefika kila ua. Watoto wa shule walikuja na vikapu vyao wakiimba, wakasimama mbali kama waliofungwa kamba. Mwalimu Hembrom aliwasihi mpaka sauti ikamkauka. Maua yalianguka, manene, meupe, yakalala ardhini, mbuzi wakayala. Siku ya pili vilevile. Na mimi, niliyeshuhudia utepe ukifungwa, niliogopa kuokota hata moja.

Mbaya zaidi ni wanawake kisimani. Shangazi alipofika, waliwavuta watoto wao nyuma ya sari. Mmoja akauliza, bila kumtazama, "Mjane anaweka nadhiri peke yake, bila kuhani, ana nini?" Neno lenyewe, la uchawi, hakulisema. Mjane aliyewahi kuitwa hilo neno nilimwona nikiwa mdogo, na nyumba yake haipo tena.

Siku ya tatu kijiji kizima kilikwenda mtini. Kuhani alitangulia akiwa na kuku mwekundu kwapani.

"Maino, uliuweka wewe?"

"Niliuweka. Ni utepe wa nywele wa Jhano. Mzimu gani anasuka nywele?"

Wawili watatu walicheka, wakajikatiza. Kuhani hakucheka. "Basi ufungue, yaishe. Mti urudi kwako."

Shangazi akakaa chini katikati ya maua yaliyoanguka. Akaokota moja, akalitia mdomoni, akalitafuna taratibu mbele yetu wote.

"Sifungui," akasema. "Nilishatoa. Kama watoto hawautaki, mpeni mzimu. Mimi kitu nilichotoa sikirudishi."

Mwanamke wa umbo dogo kama yeye, miguu imepasuka, amekaa pale kama mzizi.

Kuhani akamwaga mchele kidogo chini ya shina, akamwachia kuku. Sote tunajua: kuku akidonoa, mizimu imekubali. Asipodonoa, imekataa, na aliyekosea ana hesabu yake.

Kuku akauzunguka mchele. Akausogelea, akainua kichwa, akauacha. Mwalimu Hembrom alifumba macho. Kuku akatembea, moja, mbili, tatu, mpaka kwenye goti la shangazi. Akainama akadonoa ua la mahua. Akadonoa la pili.

"Eeeh!" Bhado akapiga kelele. "Kuku mwenyewe ameandikishwa shule!"

Kicheko kililipuka hadi vilele vya miti. Kuhani alijaribu kukunja uso, akashindwa. "Amekula," akatangaza. "Mizimu imewaachia watoto." Watoto wakaja mbio na vikapu, Jhano mbele, nywele zake zikipepea kichwani bila utepe.

Lakini utepe haukufunguliwa, na ile hofu haikuisha yote. Ilibaki kiasi chake: mti wenye utepe sasa ulikuwa wa watoto kwa ruhusa ya mizimu, na hakuna mwizi, hata mpita njia, aliyethubutu kugusa ua lake. Kesho yake alfajiri nilimkuta Bhado nyuma ya bweni, akinong'ona na Jhano.

"We binti, una utepe mwingine?"

"Wa nini, mzee?"

"Usiniulize. Na shemeji yangu usimwambie, atanicheka mpaka mwakani."

Aliufunga kwenye mti wake mzuri kuliko yote, nao ukawa wa watoto. Wakafuata wengine, hata yule mwanamke wa kisimani. Tepe za shule ziliisha kabisa, wasichana wakaingia darasani wamefunga nywele kwa nyuzi za magome. Nilisimama kilimani nikaona nyekundu kila upande.

Lori la nyapara lilipiga honi barabarani asubuhi mbili mfululizo. Ng'ambo ya kijito watoto walikuwa wamekaa mistari mirefu wakila wali. Shangazi hakuinua kichwa. Alikuwa anashona sahani zao.